Karatasi Kwanza, Simu Baadaye

Leo nasema na vijana wanaochora, na pia na wazazi wanaowaona wameinamia daftari na kudhani wanapoteza muda.

Vijana wengi wa mwambao huu wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge boma, Kashikishi na Mantapala hadi ng'ambo ya ziwa, kule Kilwa na Pweto, wanapenda vibonzo, yaani zile hadithi za picha zilizopangwa katika visanduku, maneno ya watu yakiwa ndani ya viputo. Na swali lao ni moja: nichore kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, au nitafute kishikwambi na kalamu yake nichore juu ya kioo? Wengine hawaulizi tena. Wamekwisha kuamua kwamba bila kishikwambi hakuna kuchora, basi wameweka kalamu chini wanasubiri pesa. Marufuku ya uvuvi inaingia Desemba, inakwisha Februari, nyavu zinarudi majini, na wao bado wanasubiri. Hao ndio walionifanya nilete mada hii, kwa sababu nawaonea uchungu.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa mtu anayeishi kando ya Ziwa Mweru leo, hadithi ianzie kwenye karatasi, na ile simu iliyoko mfukoni ije baadaye, kwa kazi ambazo karatasi haiziwezi. Kishikwambi kikipatikana, vizuri sana. Kisipopatikana, hadithi isisubiri.

Tuanzie Lubumbashi, maana wengi wenu mmetoka huko au mna ndugu huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji ule ulikuwa na mchoraji kijana aitwaye Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947 na aliyejipatia riziki kwa kuuza picha zake kwa watu wa kawaida wazitundike sebuleni. Akakutana na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu palepale. Kati ya 1973 na 1974 akamchorea historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, mpaka zikapita mia moja: wafalme wa zamani, kuja kwa Wabelgiji, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, utawala wa Mobutu, hata mambo aliyoyaona mbele katika siku zijazo. Kila picha aliisimulia kwa Kiswahili cha Katanga, hikihiki mnachokisikia sokoni Kashikishi akina mama wakibishana bei ya samaki, na masimulizi yake yakanaswa kwenye kanda. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka 1996.

Sasa mniulize, alichora juu ya nini? Juu ya magunia ya unga. Aliyatandaza, akayapaka rangi ya chini, akayageuza kuwa turubai. Hakungoja turubai za dukani zifike. Mwenyewe alijiita mwanahistoria, na mimi naona alikuwa na haki. Picha zake hazina visanduku wala viputo, lakini ukizipanga kwa mfuatano unapata kilekile ambacho mchora vibonzo anakitafuta: jambo moja linazaa jingine, na jicho la msomaji linasukumwa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikapotea, hakuna aliyejua alikoishia. Picha zimebaki. Nyingi ziko kwenye jumba la makumbusho kule Amsterdam, na watu wanaendelea kuzisoma.

Kinshasa nako, mwaka 1990, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kutoa vijitabu vyake vya picha kwa Kilingala. Kile kilichompa jina kilihusu chatu aliyemmeza mwanamke mjini. Karatasi ilikuwa duni, uchapaji wa bei ya chini, na vijitabu viliuzwa mitaani mkononi mwa wachuuzi. Msomaji mmoja alimpa jirani, jirani akampa shemeji, kijitabu kikazunguka mpaka kikachanika. Leo karatasi zake za awali zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Na upande wa Tanzania, wale waliokulia huko au waliopata kusoma magazeti ya huko watakumbuka Sani, na wahusika wake Lodi Lofa, Kipepe, Ndumilakuwili, Madenge. Mmoja wa wachoraji wake wakubwa, Philip Ndunguru, alifariki 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika wa gazeti lile waliendelea kuishi kwa miaka mingi katika mikono ya wachoraji wengine. Vijana walikaa chini na Sani mbele yao, wakainakili mistari ile hadi ikawaingia vidoleni.

Nawataja hawa kwa sababu kijana wa Nchelenge anapofikiri juu ya vibonzo, mara nyingi anafikiria Japani au Marekani, na studio yenye vioo vikubwa. Walio karibu naye zaidi, wanaozungumza lugha zake, walifanya kazi kwa vitu alivyonavyo yeye sasa hivi.

Lakini msimamo huu hausimami kwa sababu ya umaskini tu. Hata ningekuwa na vishikwambi vya kugawa, ningemwambia kijana anayeanza ashike karatasi kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Chukua kamba ya wavu. Mvuvi amesimama ndani ya mtumbwi anavuta, kamba imekazwa, maji yanachuruzika. Kwa brashi nyembamba na wino mweusi, kamba hiyo inachorwa kwa pumzi moja. Unaanza na ncha tu, pale kwenye mkono wa mvuvi. Unakandamiza kidogo ili mstari unenepe pale uzito ulipo. Kisha unaachia taratibu hadi mstari unakuwa mwembamba na kuzama majini. Mkono ukisita katikati, kamba inalegea, na mvuvi aliyekuwa anavuta samaki wengi anaonekana ameshika uzi mtupu. Wino haufutiki. Kwa hiyo kabla ya kushusha brashi unatazama, unaujaribu mstari hewani, unajua unakwenda wapi. Uamuzi unafanyika kichwani kabla ya mkono kusogea, na huko kuamua ndiko kuchora kwenyewe.

Juu ya kioo kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Ni kitufe kizuri, mimi mwenyewe nakitumia. Ila kwa anayeanza kinamzoesha kutoamua. Anachora kamba, haikumpendeza, anarudisha. Anachora tena, anarudisha. Giza linaingia hajatoka kwenye kisanduku cha kwanza, na hadithi ina visanduku hamsini. Kuna pia kukuza picha: unaukuza uso wa mtu mpaka jicho linajaa skrini nzima, unapamba kope moja moja, na ikija kuchapwa jicho hilo ni dogo kuliko punje ya mtama. Kazi ya saa nzima imepotea mahali ambapo hakuna msomaji atakayeiona.

Na tena, kurasa za vibonzo husomwa zikiwa nzima. Jicho linauona ukurasa wote kwa mara moja kabla ya kuingia kisanduku cha kwanza. Kisanduku kipana kinampumzisha msomaji, vidogo vitatu mfululizo vinamharakisha. Karatasi ikiwa mezani unaona uwiano huo muda wote unapochora. Kwenye skrini ya simu, ambayo haizidi kiganja, unaona kipande. Na ukichora kwa kidole, kidole chenyewe kinafunika kile unachokichora. Unaweza kuzoea, wapo waliozoea na wanafanya mambo ya kushangaza kwa kidole kitupu, lakini ni njia ndefu ya kujifunzia.

Halafu kuna umeme. Hapa sina haja ya kusema mengi, wote tulikuwepo mwaka 2024. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia ulikuwa unatokana na nguvu za maji, ukame ukapiga, maji ya Kariba yakashuka, Rais akatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, na mgao ukafika mahali ambapo siku nzima inapita na umeme haujarudi. Aliyetegemea kioo peke yake, kazi yake ilisimama pamoja na jokofu la mwenye duka la samaki. Aliyekuwa na kalamu na meza karibu na dirisha aliendelea hadi jua kuzama. Wenzetu wa Mantapala, ambao tangu kambi ile ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 2018 wamejifunza kupanga maisha kwa mwanga wa jua na foleni ya kuchaji simu, wanalijua hili kuliko mtangazaji yeyote.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana sitaki mzee fulani anisikie akamnyang'anye mtoto simu. Kuchora kwa kompyuta si upuuzi wa vijana wa leo. Mwaka 1985 Mmarekani Mike Saenz alichora kibonzo kiitwacho Shatter kwenye kompyuta ya Macintosh, kwa kusukuma kipanya mezani, na kikauzwa madukani. Kurasa zake zilionyesha vile vidoto vyeusi vilivyounda picha, wazi kabisa. Tangu hapo vifaa vimekua mno. Na hapa kwetu Zambia, Malenga Mulendema alibuni wasichana mashujaa wa Lusaka katika Supa Team 4, filamu za katuni zilizoanza kuonyeshwa na Netflix mwezi Julai 2023. Zile zimetengenezwa kwa kompyuta. Ila kilichomfikisha huko ni wazo la hadithi alilolipeleka kwenye shindano la kutafuta vipaji vya Afrika nzima mwaka 2015. Kwanza ilikuwepo hadithi.

Kwetu sisi nguvu kubwa ya simu ni lugha. Fikiria ukurasa mmoja unaosomwa na mama wa Kashikishi kwa Kibemba, kijana wa Mantapala kwa Kiswahili, na mwalimu anayetaka nakala ya Kiingereza darasani. Kama maneno umeyaandika kwa wino ndani ya viputo, una ukurasa mmoja wa lugha moja. Lakini ukiipiga picha karatasi yenye viputo vitupu, ukaiweka kwenye programu ya kuchorea ya simu, unaandika maneno kwenye tabaka la juu, kila lugha na tabaka lake. Unalificha la Kibemba, unafungua la Kiswahili, unahifadhi upya. Picha haikuguswa. Kwa mwambao ambao watu wake wanavuka maji na lugha kila siku, mimi naona hilo pekee linatosha kuipa simu nafasi ya heshima katika kazi hii. Mnachotakiwa kukumbuka tangu mwanzo ni kuacha viputo vyenye nafasi, kwa kuwa sentensi ya lugha moja haiwi na urefu wa sentensi ya nyingine.

Ya pili ni rangi. Rangi za maji nzuri hazipatikani kirahisi hapa, na zikipatikana ni ghali. Ndani ya simu hazina gharama. Programu kama ibisPaint au MediBang unaweza kuipata bure, ukivumilia matangazo yake, na ukishaipakua unachora bila bando. Mwenye kompyuta, hata iliyozeeka kidogo, ana Krita, ambayo ni ya bure.

Basi kazi yenyewe inakwendaje? Chora penseli nyepesi kwanza. Wachoraji wa zamani walipenda penseli ya bluu hafifu, kwa sababu kamera za mitambo ya uchapaji hazikuiona bluu ile, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuifuta. Pitishia wino. Kama huna brashi wala kalamu ya wino, biki nyeusi inafaa kabisa, ilimradi usibonyeze hadi karatasi ipasuke. Karatasi ya daftari la shule ni nyembamba, wino unapenya upande wa pili. Ukipata manila, ikate vipande. Chora kwa ukubwa unaozidi ule utakaouchapa, kama mara moja na nusu hivi, maana picha ikipunguzwa mistari inakaza na makosa madogo yanajificha.

Masika jihadharini. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya ziwani ni nzito, karatasi inanyonya unyevu na kujikunja, wino unachukua muda mrefu kukauka na unasambaa pembeni mwa mstari. Wekeni karatasi safi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, mtoe moja moja.

Wino ukikauka, piga picha ya ukurasa. Usitumie mwanga wa simu, unaacha doa jeupe katikati. Toka nje asubuhi, kaa kivulini mahali penye mwanga mpana, karatasi ilale chini, na simu ishikwe sambamba nayo, isiinamie upande. Ndani ya programu ongeza utofauti wa mwanga hadi karatasi iwe nyeupe kabisa na wino mweusi kabisa. Anayetaka kuchapa kwenye A4 afungue ukurasa wenye vidoto 2480 kwa 3508, hicho ndicho kipimo cha vidoto 300 kwa inchi ambacho wachapaji hukiomba. Na mnapotuma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, msitume kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha ili zipite upesi, na mistari mliyoitolea jasho inafika imekuwa ukungu.

Kuhusu kuhifadhi, sitachagua upande. Simu inaanguka ziwani mtu akishuka mtumbwi, kadi ya kumbukumbu inakufa bila kuaga, na aliyeibiwa simu ameibiwa na kurasa zake zote. Karatasi nayo inaliwa na mchwa, inaloa, inawashiwa moto na mtu asiyejua thamani yake. Njia ya uhakika ni kuwa nazo zote mbili: karatasi imelazwa bapa ndani ya nailoni, juu ya kabati na mbali na sakafu, na picha zake ziko kwa mtu wa pili, ndugu au rafiki, ikiwezekana ng'ambo.

Mtaniuliza kama watu bado wanasoma vibonzo vya karatasi wakati kila mtu yuko kwenye simu. Kenya wamelijibu swali hilo. Shujaaz, jarida lao la vibonzo, ilipoanza 2010, wenye kuitengeneza walikuwa na uwezo wa kuweka kila kitu mtandaoni. Waliichapa kwenye karatasi, ikaingizwa ndani ya gazeti na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa, na hadithi zake zikasomwa redioni pia. Waliifuata njia ambayo vijana wao waliipita kila siku. Hapa kwetu njia hiyo ni soko la Kashikishi, gati la mitumbwi, kliniki, kinyozi, na hii redio mnayoisikiliza sasa.

Ninachowaomba vijana ni kitu kidogo, mtakimaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu, nusu tena, nusu tena, kisha ifungue: ina vyumba vinane. Ikunje nusu kwa upana wake, ukate kwa mkasi mkunjo wa katikati, kuanzia ukingo uliokunjwa hadi mkunjo unaofuata tu, usifike mwisho. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, na kata ile itafunguka na kuwa kijitabu chenye kurasa nane, bila gundi wala pini. Kabla ya kuchora, andika namba kwa penseli kwenye kila ukurasa, kisha kifungue tena ubapa uone ipi imepinduka, maana ukisahau hilo nusu ya hadithi itasimama kichwa chini. Jalada, kurasa sita za hadithi, na nyuma jina lako na kijiji chako.

Kinachochorwa kiko upande mmoja wa karatasi, kwa hiyo nakala moja ni fotokopi moja tu. Hesabu bei ya fotokopi dukani kwa jirani yako, ongeza kidogo, hiyo ndiyo bei yako ya kuuzia. Toa nakala chache kwanza, za kugharimiwa na kwacha ulizonazo leo. Hadithi zipo: usiku wa kuvua samaki wadogo wa chisense kwa taa, askari wa uvuvi na wenye nyavu za macho madogo, bibi aliyevuka kutoka Congo akiwa na sufuria moja kichwani, mamba muntu, kiumbe wa masimulizi ya majini, ambaye kila mvuvi anamjua mtu aliyemwona. Mwenye kijitabu kilichokamilika akilete hapa studio, Kibemba au Kiswahili, nami nitakisoma hewani ukurasa kwa ukurasa, na nitawaambia wasikilizaji mahali kinapouzwa.